Kiti Kilichoelekea Ukutani

"Pumzi zangu ziko wapi?" Chiriku aliuliza kwa mara ya pili, na safari hii alivua hedifoni akazitua mezani.

Fundi hakugeuka. Alikaa vilevile anavyokaa siku zote, uso ukutani, mgongo kwa mwimbaji wake, mkono mmoja juu ya kipanya cha kompyuta kama mtu aliyeshika tonge asilotaka kulila.

"Nimezisafisha," alisema.

"Tangu lini pumzi ikawa uchafu?"

"Kampuni imetaka wimbo safi."

"Imetaka safi, haikutaka wa maiti. Mtu anaimba beti mbili na kiitikio bila kuvuta pumzi hata mara moja. Huyo ni mtu au kengele ya mlangoni?"

Siku nyingine Fundi angecheka. Angeinamisha kichwa, mabega yakatikisika, na Chiriku angeyaona mabega yale kwa nyuma akajua siku imeanza vizuri. Leo mabega yalitulia. Upande wa pili wa pazia cherehani ya Mama ilikuwa ikitatarika, ikasimama kidogo, ikaendelea tena polepole. Chiriku aliijua cherehani ile tangu akiwa tumboni. Ikienda hivyo, anayeshona anasikiliza.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kushonea, na hakikuwahi kujifanya studio. Mbele, Mama alipokea wateja na kushona. Nyuma ya pazia zilitundikwa nguo zilizokamilika, zikisubiri wenyewe. Fundi alifika mara ya kwanza kutengeneza redio, na ndiye aliyegundua kwamba mtu akisema neno katikati ya nguo zile, sauti haigongi ukuta ikarudi, inamezwa. Alipiga kofi, akasikiliza, akapiga jingine, mpaka Mama akamuuliza kama redio imemshinda ameamua kucheza. Baada ya siku chache alirudi na maikrofoni, na kompyuta iliyoshikiliwa pembeni kwa utepe wa gundi. Hapo ndipo Chiriku aliporekodi wimbo wake wa kwanza, amesimama kati ya suti za watu.

Sasa nyimbo zilikuwa tatu, na zote amezitoa mwenyewe. Hakuwa na meneja wala ofisi. Picha za kutangazia alipigwa na binamu yake kwa simu, mbele ya ukuta wa jirani uliopakwa rangi upya. Maoni ya wasikilizaji aliyajibu mtu mmoja mmoja, akiwa kwenye foleni ya benki au akisubiri chai ichemke. Kulikuwa na muuguzi wa ng'ambo aliyeandika kwamba wimbo wa pili humvusha zamu. Kulikuwa na bibi arusi aliyemwita aje kumwimbia ukumbini, na kutoka kwa huyo wakatoka wengine. Chiriku alipanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani: taratibu, lakini hakuna kilichoanguka. Wimbo wa nne alikuwa amewaahidi watu wake Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

Kasoro yake ilikuwa moja. Ukumbini mbele ya watu mia alikuwa simba. Chumbani mbele ya macho mawili, mate yalimkauka. Ndiyo maana siku ile ya kwanza alimwomba Fundi ageuze kiti kielekee ukutani. Fundi aligeuza bila kuuliza, na kiti hakikuwahi kugeuzwa tena. Kwa hiyo Chiriku alikuwa amemjua mtu huyu kwa nyuma. Alikijua kisogo chake, alijua nywele zinapoishia na kovu dogo chini ya sikio la kushoto. Alijua shingo yake hukaza pale mwimbaji anapokosea noti, na hulegea anapoipata. Mara nyingine aliimba vizuri makusudi ili aione ikilegea. Hilo hakumwambia mtu, na wewe msomaji usiseme.

"Haya, pumzi tuache," alisema sasa, akivuta kigoda. "Ubeti wa pili nao? Ubeti wa kwanza niko chumbani, wa pili niko bafuni. Mtu atadhani katikati ya wimbo nilikwenda kuoga."

"Ubeti wa pili makoti yalikuwa yameshachukuliwa."

Hilo alilijua. Wiki iliyopita chumba kilikuwa kimejaa makoti ya walinzi, mazito ya sufu, ambayo Mama aliishonea kampuni ya ulinzi. Chumba hakikuwahi kuwa na sauti nzuri kama siku zile. Walirekodi ubeti wa kwanza na kiitikio, wakatoka kunywa maji, waliporudi gari la wenye makoti limeshafika mlangoni kabla ya siku waliyopatana. Mama hakuweza kumwambia mteja asubiri kwa sababu mtoto wake hajamaliza kuimba. Fundi mwenyewe alisaidia kuyabeba mpaka kwenye gari. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, anajibu ndiyo na hapana, na ubeti wa pili wakaurekodi hivyohivyo, chumba kitupu na mioyo haipo.

"Nilikwambia turudie," Chiriku alisema.

"Wao watakurekodi upya kwenye studio yao."

"Wao."

Fundi akabofya kitu kisichohitaji kubofywa.

"Umesema wao, Fundi. Mimi sijawajibu kitu, wewe umeshanihamisha na mizigo?"

Wao walikuwa kampuni ya muziki kutoka jiji jingine, na mjumbe wao Chiriku alimpa jina la Bwana Tai, kwa ile tai aliyoivaa juani bila kuilegeza. Alikuwa mstaarabu, hakuna ubaya wa kumsema. Alikuja makoti yangali yametundikwa, akanywa chai ya Mama akaisifu. Alieleza kwamba Chiriku atahamia kwao, atapewa pa kulala, na nyimbo ataandikiwa. Zile atakazorekodi zitakuwa mali ya kampuni. Kuhusu Fundi alisema ni kijana mzuri, amshukuru waagane, kwani kampuni ina mafundi wake. Jibu walilitaka leo kabla ofisi hazijafungwa, pamoja na wimbo wa nne, safi, wausikilize wakubwa.

Kwa siku zote hizo Chiriku alimsubiri mtu mmoja aseme neno. Akamuuliza kwa njia ya mzaha, akamuuliza kwa njia ya kazi, na kila mara kile kisogo kilijibu kwamba ni nafasi nzuri. Mtu unayetaka akuzuie akikuambia ni nafasi nzuri, hayo si maneno ya kulala nayo.

"Niangalie unijibu," alisema. "Ulitaka niende?"

Cherehani ilinyamaza kabisa. Pazia likasukumwa, Mama akasimama pale, tepu ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Alizitoa pini akazichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Usimsumbue kijana wa watu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulimwambia nini, Mama?"

"Siku ya makoti, pale kwenye gari. Nilimwambia kama anakupenda akae kando. Nilimwambia mwanangu amepata mlango, na yeye amekaa kwenye kizingiti."

Chiriku alimtazama mama yake, kisha kile kisogo, kisha mama yake tena. Neno moja lilikuwa limepita pale katikati kama panya, na wote watatu walijifanya hawakuliona.

Mama hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Aliketi juu ya rundo la vitambaa akaeleza yote, bila kupandisha sauti. Kijana hana mshahara wa mwezi. Anatengeneza spika za watu na kulipwa wakikumbuka. Shati lile lina kifungo kilichokatika tangu mwaka jana, naye kila siku anakuja nalo kwenye nyumba ya fundi cherehani bila hata kuomba sindano. Mwanaume asiyekumbuka kifungo chake atamkumbuka mke? Na hata hilo angelisamehe. Lakini hii kazi ya kujitegemea anaijua yeye, wasimfundishe.

"Kujitegemea ni kushona una homa," alisema. "Ni kumchekea mteja aliyekutukana, maana kesho atarudi na kitambaa. Hakuna wa kukushika mkono. Nimekulea hivyo, na nilimwomba Mungu wewe uajiriwe."

Watu walimpa jina la Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea, lakini jambo likimgusa alikuwa mpole kuliko walivyodhani. Akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake, akaanza kumtoa vipande vya nyuzi vilivyoganda kwenye gauni, kimoja kimoja.

"Mama, kile kiwanda cha nguo kilichokutaka nikiwa mdogo. Kwa nini ulikataa?"

"Usilete ya kiwanda."

"Uliniambia mwenyewe."

Mama alitazama dari. "Walinipa kushona kola," alisema. "Kola tu. Mwenzangu anashona mkono, mwingine mfuko. Nikawauliza shati lenyewe nitaliona saa ngapi, wakacheka."

"Na ulikuwa na mtoto, na kodi ya nyumba."

"Nilikuwa navyo."

"Sasa Bwana Tai ameniambia nini kingine? Mwingine aandike, mwingine apange, mwingine asafishe, mimi nifungue mdomo. Nitakuwa nashona kola, Mama. Nitapita barabarani nisikie wimbo wangu nisiujue."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mama alionekana kama mtu aliyepimwa kwa tepu yake mwenyewe. Akasema tu kwamba mtoto huyu hakumzaa, alimshona, ndiyo maana ana ncha kila upande.

Chiriku akainuka. Hakwenda mezani; alikwenda kusimama nyuma ya kiti, karibu na kile kisogo kuliko alivyowahi kufika.

"Mama amejibu lake," alisema. "Wewe bado."

"Sikutaka uende," alisema Fundi, akiuambia ukuta. "Lakini nilijitazama nikaona Mama hajasema uongo. Sina kitu. Nikasema angalau nikufungie mzigo vizuri."

"Ndiyo ukanitoa pumzi."

"Kampuni haikusema habari ya pumzi. Hilo nilifanya kwa ajili yangu." Shingo ilikuwa imekaza. "Kila moja naijua. Ile ya kabla ya ubeti wa pili unaivuta mara mbili, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Tangu wimbo wa kwanza unavuta hivyo. Mimi nakaa hapa nimetazama chokaa, na kila ikifika hapo nasubiri useme. Nikaona nikizikata zote, labda nitazoea."

"Umezoea?"

"Hapana."

"Umezitupa?"

"Nimeziweka pembeni. Zote ziko kwenye kompyuta."

"Za kazi gani?"

"Sijui, Chiriku. Niliona vibaya kuzifuta."

Kutoka kwenye rundo la vitambaa Mama alisema, kama anayejisemea, kwamba watu huhifadhi picha, huyu anahifadhi pumzi. Chiriku alikuwa akiona kovu lile dogo chini ya sikio likipanda na kushuka, kwani Fundi naye alikuwa akihema, na ilimjia kwamba kwa muda wote huu ni yeye aliyesikilizwa, lakini hajawahi kusikiliza.

Akachukua simu. Hakutoka nje wala hakwenda pembeni. Alipiga palepale, akiwa amesimama nyuma ya kiti, na mkono wake wa kushoto, ambao labda ulikuwa umechoka, akauweka juu ya bega la Fundi.

Bwana Tai alipokea kwa furaha. Chiriku alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za safari, kisha akamwambia kwamba anawashukuru sana lakini hatakuja. Wimbo atautoa mwenyewe Ijumaa kama alivyoahidi. Bwana Tai akamkumbusha kwamba nafasi kama hii hairudi. Chiriku akasema anajua. Akaulizwa kama amepata kampuni nyingine.

"Ndiyo," alisema. "Ni ya hapahapa. Tuko wawili."

"Watatu," Mama alisema. "Chumba ni cha nani?"

Simu ilipokatika, Mama ndiye aliyeinuka kwanza. Aliuliza kama ubeti huo wa bafuni ndio watakaowapelekea watu Ijumaa, wamtie aibu. Fundi alieleza kwamba sauti haitalingana na ubeti wa kwanza bila kitu kizito ukutani. Suti zilizobaki ni chache, tena nyepesi. Mama hakungoja amalize. Alitoka, akarudi na blanketi la kitandani kwake. Akatoka tena, akarudi na majora mawili ya kitambaa cha suti, mapya, yale ambayo Chiriku tangu utotoni alikatazwa hata kuyapumulia. Akaanza kuyakunjua na kuyatundika kwenye chuma cha nguo mwenyewe, akinung'unika kwamba atakayetia alama ya kidole atalipa.

Fundi alinyanyuka kumsaidia. Walitundika bega kwa bega bila kuzungumza. Mwisho Fundi alipiga kofi moja katikati ya chumba, akasikiliza. Sauti ilimezwa.

"Ni karibu na makoti," alisema. "Hata ni nzuri zaidi."

"Ni sufu halisi," Mama alisema. "Vua shati."

"Mama?"

"Shati. Nisije nikakaa hapa natazama tundu."

Chiriku aligeuka upande asionekane anacheka. Fundi alivua shati akalitoa kwa mikono miwili, akabaki na fulana ya ndani, masikio yamemwiva. Akaenda kwenye kiti chake na kuketi kama kawaida, uso ukutani, akavaa hedifoni.

Chiriku alimfuata. Alishika mgongo wa kiti, akakivuta pamoja na mwenyewe juu yake, miguu ya kiti ikalia sakafuni, mpaka kikageuka kuelekea maikrofoni.

"Utashindwa kuimba," alisema Fundi.

"Nikishindwa utanisubiri."

Akaenda kusimama mahali pake kati ya blanketi na majora. Alipoinua macho, aliyakuta ya Fundi yakimngoja. Hakuwa ameyatazama sawasawa kwa mwanga wa mchana, uso kwa uso, hata siku moja. Yalikuwa na kope ndefu, zisizolingana na mikono ile iliyoungua kwa risasi ya kuunganishia nyaya, na yalikuwa na woga kama wake. Hilo la woga ndilo lililomtuliza. Alikuwa amedhani miaka yote hiyo ni yeye peke yake anayeogopa, kumbe ukuta ulikuwa umewafaa wote wawili.

Mate yalimkauka, kama alivyojua yatakauka. Alisubiri. Fundi naye alisubiri, kidole juu ya kitufe, bila kukwepesha macho.

Mama alikuwa amevuta kigoda kando ya pazia, shati mapajani. Cherehani ingewapigia kelele, lakini sindano ya mkono haina sauti. Alichagua kifungo kutoka kwenye kopo, akakilinganisha na wenzake, akatunga uzi kwa jaribio moja.

"Anzeni basi," alisema kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa. "Mimi sipo."

Fundi akabonyeza. Muziki ukaingia masikioni mwa Chiriku, ukafika pale ubeti wa pili unapoanzia. Akamtazama, akavuta pumzi, akavuta tena, na lile jambo alilokuwa akilighairi tangu wimbo wa kwanza, safari hii hakulighairi. Akaliimba.